Taa za Swichibodi na Vidole vya Rispa

Mjukuu wangu Mwende ameajiriwa kuangalia watu wakigusa simu. Ndivyo alivyonieleza Jumapili moja hapa nyumbani Komarock, akiwa amekunja miguu kwenye kochi langu. Anamkalisha mtu chini, anampa simu yenye programu mpya, halafu ananyamaza na kutazama kidole chake kinakwenda wapi. Nilicheka hadi chai ikanipalia. Sikuwa namdharau. Nilicheka kwa sababu kazi hiyo naijua. Niliifanya zamani bila kujua ina jina, nikiwa nimevaa suruali ya bugaluu yenye miguu mipana na mkoba wa spana begani.

"Babu, andika," akaniambia. "Wenzangu ofisini wanadhani mambo haya yalianza na sisi."

Basi naandika, nyinyi wenzake Mwende. Mkiniona naruka huku na kule nivumilieni. Mimi hukumbuka watu, miaka huwa inanitoroka.

Nilikuwa fundi wa simu za ndani. Siku hizo kiwanda, shule au hospitali ikitaka idara zake ziongee, ilifungiwa swichibodi, yaani ubao mkubwa wenye matundu na waya, na mbele yake akaketi opereta wa kuunganisha watu. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa ndogo. Tulikuwa mafundi wachache na gari moja lililopenda kusukumwa. Mkubwa wetu aliitwa Oduor, mtu mrefu, mpole, aliyeweza kukaa kimya asubuhi nzima akitazama kitu kimoja.

Oduor ndiye aliyenifungua macho, na alifanya hivyo kwenye geti la ghala fulani. Nilikuwa nimefunga kisanduku cha kuongelea getini. Juu kulikuwa na matundu madogo ya sauti, na chini kabisa kitufe cha kubonyeza. Kila siku askari wa ndani alilalamika kwamba hasikii wageni. Nilibadilisha waya, nikabadilisha kipaza sauti, mwisho nikabandika karatasi yenye maelezo kwa herufi kubwa. Malalamiko yakazidi. Oduor akaja, lakini hakufungua kisanduku. Alinishika mkono, tukavuka barabara, tukasimama kwenye kibanda cha muuza mahindi ya kuchoma.

"Ngoja mtu aje," akasema.

Akaja mzee mwenye kofia. Akabonyeza kitufe, kitufe kikalia. Mzee akainama hadi mdomo ukakaribia kugusa kitufe, akapaza sauti: "Hodi! Nimeleta magunia!" Matundu ya sauti yalikuwa juu ya kichwa chake, yakisikiliza upepo. Akafuata mama mmoja, naye akainama vilevile. Kila aliyekuja alikiambia kitufe shida zake.

"Wewe ungeongea na nani?" Oduor akaniuliza akitafuna mahindi. "Na kile kilichokujibu, ama na matundu yasiyosema kitu?"

Tulirudi tukahamisha kitufe kikawa karibu kabisa na matundu. Mtu akiinamia kitufe, anaongea palepale panaposikia. Ile karatasi nikaibandua, na malalamiko yakakoma. Tangu siku hiyo niliingiwa na ugonjwa wa kuchungulia watu wakitumia vitu: mama sokoni Jericho anavyofungua kifuniko cha stovu ya mafuta, kijana anavyotafuta stesheni kwenye redio. Mke wangu alikuwa akinifinya tukiwa kwa watu. "Nzioki, acha kutazama mikono ya wageni. Watafikiri unalinda vijiko."

Lakini nilikuwa sijakutana na Rispa.

Kulikuwa na kiwanda cha mablanketi pembeni mwa mitaa yetu, ambako watu wengi wa Jericho na Makadara walifanya kazi. Ukipiga simu pale, sauti iliyokupokea ilikuwa ya Rispa. Sauti nene, ya taratibu, kama mtu anayekumiminia uji kwenye kikombe. Alikuwa mwanamke wa upande wa Kakamega, mkubwa kwangu kidogo, anaishi Jericho na dada yake. Alipoteza uwezo wa kuona utotoni kwa sababu ya surua. Alisomea uopereta kwenye shule ya wasioona, na pale kiwandani alikuwa ameshakaa kuliko mashine nyingi.

Nilitumwa huko kutoa swichibodi ya zamani na kufunga mpya. Ile ya zamani ilikuwa na vibao vidogo vya chuma, kimoja kwa kila laini. Mtu akipiga, kibao chake kinaanguka, ta! Rispa anapapasa, anajua ni laini gani, anachomeka plagi. Ile mpya ilikuwa nzuri ajabu, rangi ya maziwa, inang'aa. Haikuwa na vibao. Ilikuwa na taa. Mtu akipiga, taa ya laini yake inakonyeza. Wakianza kuongea, inawaka moja kwa moja. Wakimaliza, inazima. Kulikuwa na king'ora kimoja tu cha kusema kuna mtu anapiga, bila kusema ni nani.

Niliyafungua maboksi pale chumbani kwake nikiimba. Kweli kabisa, nilikuwa naimba. Rispa akanyoosha mkono, akaupitisha juu ya ule ubao mpya kutoka pembe hadi pembe, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba akitafuta mlango.

"Fundi," akasema, "hii inasemea wapi?"

Nikaacha kuimba.

Meneja wa kiwanda, Bwana Karanja, hakuwa mtu mbaya. Nataka mjue hivyo, kwa sababu watu wakisimulia habari kama hizi hupenda kumpa meneja pembe. Swichibodi ya zamani ilikuwa imechoka, wateja walikuwa wanakatika katikati ya maneno, na aliponunua mpya hakuna aliyemwambia kuhusu taa. Alipoelewa, alisimama mlangoni akijikuna kidevu.

"Rispa, hutafukuzwa," akasema. "Kuna nafasi kule ya kukunja mablanketi. Mshahara ni uleule."

Rispa alikuwa na kipaza sauti shingoni. Hakukitoa.

"Bwana Karanja, mimi huyu ndiye simu ya hapa. Kuna wateja wanaopiga kutoka Kakamega na hawataki blanketi, wanataka kwanza kuniambia mulembe, salamu ya kwetu, kabla ya kuagiza. Ukinipeleka kukunja mablanketi, nani atawaitikia?"

"Nimekuelewa. Lakini simu isiyopokelewa ni oda iliyokwenda kwa mwingine."

"Hata mimi najua hivyo. Nipe muda na huyu fundi."

Mimi sikuwa nimeombwa chochote. Nilikuwa nimeshika bisibisi tu. Meneja akanitazama, nikajikuta nimeitikia kwa kichwa. Akatupa hadi mwisho wa mwezi. Kwa muda huo ubao wa zamani ungeendelea na kazi, na mpya ungekaa kando yake.

Rudini kwanza kwenye siku yangu ya pili pale kiwandani, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko shuleni. Nilimwomba Rispa anieleze anavyofanya kazi. Akaniambia hawezi kueleza, nikae nitazame. Nikakaa. Vibao vikaanguka, ta, ta, na kabla hajavigusa mkono wake ulikuwa tayari unaelekea penyewe.

"Umejuaje ni stoo?"

"Kibao cha stoo kina mafua. Husikii kinavyokwaruza? Cha meneja kinaanguka kama mtu aliyejikwaa. Cha watia rangi kinachelewa kidogo, kama wenyewe."

Nikafumba macho nikasikiliza. Nilichosikia mimi ni ta, na ta, na ta. Nikamwomba anipishe kiti nijaribu, macho nimeyafumba. Rispa alicheka sana lakini akanipisha. Dakika chache tu nikawa nimemuunganisha padre aliyetaka mablanketi ya shule ya bweni na fundi wa boila, ambaye bila hata salamu alipiga kelele: "Leteni maji haraka, huku ni moto!" Padre akauliza kwa unyenyekevu anaongea na nani hasa. Rispa alinipokonya plagi machozi yakimtiririka kwa kicheko, akamwambia padre samahani, fundi wetu amepotea njia.

Basi nilidhani nimeelewa: Rispa anafanya kazi kwa sauti, kwa hiyo nimpe sauti. Nilikusanya kengele na vipuli vya milio kutoka chumba chetu cha vyuma chakavu, nikazifungia laini, kila laini na mlio wake. Nyingine ililia kama nyenje, nyingine kama baiskeli, nyingine kama mlango wa duka. Nilizijaribia nyumbani kwangu Jericho, watoto wa mtaa wakatoka mbio wakidhani muuza aiskrimu amefika. Nikajua nimepata.

Nilizifunga asubuhi kwenye ubao mpya, nikahamishia simu huko kwa muda, nikasimama nyuma ya Rispa, mikono kifuani, nikingoja kusifiwa. Simu zikaanza. Nyenje, baiskeli, mlango, baiskeli tena, vyote kwa pamoja. Rispa alijitahidi. Alikunja uso, akainama, akaziba sikio moja kwa kiganja ili amsikie mteja kwa lile jingine. Mteja naye akauliza kama kiwandani kuna sherehe. Kabla ya saa ya chai alivua kipaza sauti akakiweka mezani.

"Nzioki, umeniletea harusi."

"Lakini si ulisema unasikiliza vibao?"

"Nilisikiliza kidogo tu, ta, basi. Masikio yangu ndiyo ninayowapa wateja. Wewe umeyajaza pomoni. Sasa wateja niwasikilize na nini?"

Andikeni hilo mahali, vijana. Mtu akiwa anatumia kiungo fulani kufanya kazi, msikigeuze kiungo hicho kuwa pipa la kutupia habari zenu. Nilifungua kengele zote siku hiyohiyo. Nilipozibeba mkobani zililia njia nzima hadi Jericho, watu wakinigeukia.

Nikarudi kwenye vidole. Mkono wa kulia wa Rispa ulishika plagi, lakini wa kushoto kazi yake ilikuwa kungoja tu. Nikafikiria vipini vidogo vitakavyoinuka chini ya vidole vyake. Kwenye ubao wa zamani uliokuwa wa kutupwa kulikuwa na koili za akiba, na koili ikipata umeme inavuta chuma. Nikiunganisha kila koili pamoja na taa yake, taa ikikonyeza, kipini kitachezacheza. Ikiwaka moja kwa moja, kipini kitasimama. Ikizima, kitaanguka. Ubao wenyewe ulikuwa tayari unasema kila kitu, ila ulikuwa unasema kwa mwanga.

Vyuma vitupu vilichoma vidole, kwa hiyo nilihitaji vichwa vya mbao. Nikamwendea Kimeu, mchongaji, mtu wa kwetu Wamunyu, aliyekuwa na kibanda karibu na soko la Jericho. Nilimweleza kwamba kila laini inahitaji kichwa chake, ili vidole vitofautishe. Kimeu alifurahi kupita kiasi. Alikuwa amechoka kuchonga twiga wa watalii. Akajifungia na mbao zake za mti wa muhugu, na alipomaliza akaniletea vichwa vimefungwa kwenye kitambaa. Vilikuwa wanyama, kila kimoja kama punje ya hindi kwa udogo. Simba kwa meneja, ngamia kwa stoo, jogoo kwa getini, samaki kwa watia rangi. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile. Niliona haya kuvitia mkobani pamoja na koleo.

Kimeu alitaka kuwapo. Tukaenda naye kiwandani, tukavivalisha vipini, Rispa akaweka vidole vya mkono wa kushoto. Akagusa kimoja, akakigeuza, akakirudia.

"Huyu ni nani? Mbuzi?"

"Ni simba!" Kimeu akaruka.

"Mwenye ndevu?"

"Ni manyoya ya shingo, dada."

Rispa akaendelea kupapasa kwa heshima zote, akamtambua jogoo, akamsifu samaki, mkia wake akaushika mara nyingi. Halafu akasema kwa upole: "Ndugu yangu, mkono wako umebarikiwa. Lakini mteja akiwa anangoja siwezi kukaa namkagua mnyama nimjue ni nani. Vidole vyangu vinataka kitu cha kujulikana palepale. Kilicho laini. Chenye mkwaruzo. Chenye shimo. Basi."

Kimeu alinuna. Tulipotoka nje aliniambia kwamba yeye ni mchongaji, wa kutoboa mashimo nikamtafute fundi wa mageti. Lakini jioni alikuja kwangu mwenyewe, akakaa kwenye ngazi na kisu chake, akafumba macho na kuanza kugusa vipande vya mbao. "Aisee," akasema baadaye, "shimo na mkwaruzo havifanani hata kidogo." Akachonga vipya. Wale wanyama Rispa aliwaomba awachukue nyumbani, akawapanga dirishani, na dada yake aliniambia kila mgeni aliulizwa kama yule ni mbuzi au simba.

Kisha likaja suala la mpangilio. Mimi nilikuwa nimepanga vipini kwa nambari, moja hadi mwisho, kama fundi yeyote. Rispa akavihamisha vyote. Laini zilizopigiwa sana alizitaka mahali vidole vinapolala vyenyewe. Watia rangi na stoo aliwataka jirani, kwa sababu kila mara wanatafutana. Meneja akamweka kwenye kidole gumba, peke yake.

"Mbona yeye mbali?"

"Si mbali. Gumba haliendi likizo. Siku zote najua liko wapi."

Wakati wote huo nilikuwa nimejaa furaha ya mtu anayegundua nchi. Kila nilichodhani nakijua kilikuwa na chumba kingine nyuma yake. Nilikuwa nikilala nikiwaza: hivi mtu huyu anajua vipi kwamba plagi imeingia sawasawa? Asubuhi namuuliza, naye anashangaa kwamba hilo nalo linaulizwa. "Inameza," alinijibu. "Ikikosea inatafuna." Nikachomeka na kuchomoa plagi ile hadi nikaisikia ikimeza.

Siku ya majaribio ikafika. Ubao wa zamani ukazimwa kabisa. Rispa alivaa gauni lake la kanisani. Dada yake alikuwa amemsuka nywele upya, na nilimwona akifuta viganja kwenye gauni kila mara. Alijua, kama mimi, kwamba mablanketi yako kule nyuma yanangoja kukunjwa.

Saa za kwanza zilikwenda vizuri kama maji mferejini. Kipini kinachezacheza, kidole kinakijua, plagi inameza, mulembe, habari za Kakamega, subiri nikuunganishe na stoo. Nilianza kupumua. Halafu pakaanza kitu cha ajabu. Watu walipiga, Rispa akawaambia laini ya wanayemtaka inatumika. Stoo inatumika. Rangi inatumika. Kila mtu anatumika. Mwisho mlango ukafunguliwa kwa nguvu, Bwana Karanja akaingia amevaa koti mkono mmoja.

"Nimejaribu kupiga nje hadi nimechoka. Mteja wangu wa Kisumu amelazimika kumpigia jirani yetu aniletee ujumbe! Rispa, laini zote zimeshikwa na nani?"

Nikatazama ubao. Taa karibu zote zilikuwa zimezima. Watu walikuwa wamemaliza kuongea zamani, lakini plagi zilikuwa bado zimechomekwa, zimeshika laini tupu. Rispa hakujua kwamba wamemaliza. Kipini kilipoanguka kidole chake kilikuwa kwingine, na anguko lenyewe halikutoa sauti hata ya sisimizi. Baada ya ile harusi ya kengele nilikuwa nimeogopa kelele kama mtoto aliyeungua anavyoogopa jivu. Chini ya kila kipini nilikuwa nimebandika kipande cha blanketi kizuri, nene, cha kiwandani palepale, ili pawe kimya.

Rispa alikaa mikono mapajani. Nilimwona amejikunja kidogo mabegani, na sauti yake ile ya uji ikawa nyembamba.

"Bwana Karanja, samahani. Sikusikia wakimaliza."

Meneja akavuta pumzi. Niliona anatafuta maneno mazuri ya kumwambia neno baya. Kabla hajayapata Rispa akageuza uso kwangu.

"Nzioki, kuna nini chini ya hivi vipini?"

"Blanketi."

"Uliweka blanketi?"

"Ili pawe kimya."

"We Nzioki! Kwani mimi nimelala?"

Sikungoja ruhusa ya mtu. Nilitoa kisu, nikafungua kifuniko cha mbao, nikaanza kuchomoa vipande vya blanketi kimoja kimoja. Rispa akaleta vidole vyake akasaidia upande wa pili, akivuta kwa kucha. Meneja alisimama pale, akatutazama, kisha nadhani alichoka kutazama tu. Akavua koti, akainama, akashika kifuniko kisituangukie. Simu zililia, tukaziacha zilie. Vipande vya blanketi vilitapakaa sakafuni kama manyoya ya kuku.

Nilipofunga kifuniko Rispa akashika kipaza sauti. Kipini kikacheza, akachomeka. Watu wa rangi waliongea na stoo, wakagombana kidogo, wakakata. Kipini kikaanguka, kichwa chake cha muhugu kikagonga mbao: tok. Kitu kidogo tu, kama mtu aliyeweka kikombe mezani chumba cha pili. Mkono wa Rispa ukaenda, ukachomoa plagi, ukarudi. Hakuwa hata amegeuza kichwa.

Bwana Karanja aliokota koti lake akatoka. Tukamsikia akipanda ngazi. Baada ya muda gumba la Rispa likatikisika.

"Ndiyo, Bwana Karanja. Nikuunganishe na nani?"

Nilisikia sauti yake ikitoka kwenye kipaza sauti, ndogo kama ya nzi. "Hakuna mtu. Nilitaka kuona tu."

"Basi sote tumeona," akasema Rispa, akakata.

Halafu akacheka, akalia, akapokea simu ya Kakamega katikati ya kilio, mteja akamuuliza kama ana mafua.

Hapo ndipo ningeweza kumalizia, na kwa muda mrefu nilimalizia hapo nilipokuwa nikisimulia. Lakini Mwende alinisikiliza akaniuliza: "Halafu ule ubao mwingine ukaufunga wapi?" Akanishika pabaya.

Habari zilienea. Baada ya muda kampuni ya rangi upande wa pili wa reli ikatuita. Nao walikuwa na opereta asiyeona, Bwana Mutiso, na wamenunua swichibodi ya taa. Nikaenda kifua mbele. Niliwafungia ubao kama ule wa Rispa, nukta kwa nukta. Vichwa vya Kimeu, mpangilio uleule, muhugu uleule, bila blanketi. Nilimaliza mapema, nikanywa chai yao, nikaondoka.

Nikaitwa tena. Bwana Mutiso alikuwa mwanamume mzima, mwenye adabu nyingi, na alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya ubao wangu kama mtu anayeombea mgonjwa.

"Fundi, Mungu akubariki kwa kazi yako," akasema. "Lakini sisikii kitu."

Aliwahi kuwa mwashi. Macho yaliharibiwa na chokaa akiwa mtu mzima, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama ukoko wa ugali. Vipini vilicheza chini yake bila yeye kujua. Na mpangilio ule ulimchanganya. Yeye aliwahi kuona, na kichwani bado aliona nambari zimejipanga moja, mbili, tatu, kama milango ya nyumba za Jericho. Meneja kukaa kwenye gumba aliona ni utovu wa heshima.

Nilikasirika. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Rispa, nikamkuta anachambua mchele mlangoni, na nikamlalamikia mtu yule asiyeweza kutumia kitu kizuri namna ile. Aliendelea kuchambua hadi nikaishiwa pumzi.

"Kile ulichompelekea," akaniuliza, "ulikuwa umekaa naye ukakitengeneza?"

"Sikukaa naye. Lakini ni kilekile chako."

"Ehe," akasema Rispa, akapuliza makapi.

Nilikaa pale mlangoni hadi akamaliza mchele.

Kesho yake asubuhi nilirudi kwenye kampuni ya rangi. Bwana Mutiso alinitambua kwa hatua zangu kabla sijasalimu, akageuza sikio akisikiliza kitu ambacho hakukisikia.

"Leo hujaja na spana, fundi?"

"Nimeziacha nyumbani. Leo nimekuja kukaa nawe tu."

Alifikiri kidogo, halafu akasogea upande mmoja wa benchi.

"Basi njoo huku," akasema. "Hicho kiti kingine kina mguu mbovu."